Kufundisha kanuni ya Pythagoras: kamba uwanjani, vyumba vya daftari, vipande vya boksi au fomula ubaoni?

Kanuni ya Pythagoras inasema kwamba kwenye pembetatu mraba, yaani yenye pembe ya nyuzi 90, mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande fupi mbili. Mwalimu wa darasa la saba au kidato cha pili akiifikia huwa na njia kadhaa mbele yake, na zote hutajwa kana kwamba zinafanya kazi moja. Hazifanyi kazi moja. Kamba inafundisha jambo ambalo fomula haifundishi, vyumba vya daftari vinaonyesha sababu ambayo kamba haiwezi kuionyesha, na ukikosea mpangilio wanafunzi watatoka na pembetatu ya pande 3, 4, 5 kichwani na hakuna kingine.

Msimamo wetu uko wazi tangu mwanzo. Ukiwa na vipindi viwili tu vya dakika 40, cha kwanza kiwe cha vyumba vya daftari na cha pili kiwe cha fomula. Ukipata cha tatu, toka nje na kamba. Shule nyingi hufanya kinyume chake: kamba kwanza, kwa kuwa inachangamsha darasa. Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

| Njia | Inafaa kwa | Muda | Inakoharibikia |
|---|---|---|---|
| Vyumba vya daftari | kuona kwamba kinachojumlishwa ni maeneo | kipindi 1 | mraba wa mshazari kuchorwa vibaya |
| Vipande vya boksi | kuona kwamba kanuni inafaa pembetatu mraba yoyote | kipindi 1, na maandalizi ya jana yake | kugeuka mchezo bila hesabu |
| Kamba | kupata pembe mraba kutokana na urefu | kipindi 1, nje | kuhesabu mafundo badala ya nafasi |
| Fomula ubaoni | kasi na maswali ya mtihani | nusu kipindi | kukaririwa bila kujua haipotenusi (upande unaotazamana na pembe mraba) ni ipi |
| Pembetatu zinazofanana | uthibitisho kwa wanaoweza | kipindi 1, kidato cha pili | darasa ambalo bado halijaiva kwenye uwiano |

Vyumba vya daftari

Unahitaji daftari lenye vyumba au karatasi ya grafu. Kama havipo, kila mwanafunzi apige mistari ya sentimita 1 kwa rula na penseli kwenye karatasi nyeupe. Kazi hiyo hula kama dakika kumi za kipindi, hivyo ni heri ifanyike jana yake jioni.

Chora pembetatu mraba yenye pande fupi 2 na 3. Mraba wa upande wa 2 una vyumba 4, wa upande wa 3 una vyumba 9. Hapo hakuna anayepata shida. Shida iko kwenye mraba wa tatu, unaokaa mshazari juu ya haipotenusi. Wanafunzi huuchora kwa kukisia, ukatoka kama almasi iliyobonyea, halafu wakahesabu vyumba vya umbo ambalo si mraba. Dawa yake ni kuwapa hatua za kutembea kwenye vyumba: tatu kulia na mbili juu, kisha mbili kushoto na tatu juu, kisha tatu kushoto na mbili chini, mwisho mbili kulia na tatu chini. Ukirudi pale ulipoanzia, mraba umekubali. Usiporudi, kuna hatua umekosea, na mwanafunzi anaigundua mwenyewe kabla mwalimu hajafika kwenye dawati lake.

Kosa la pili ni la kuhesabu. Mistari ya mshazari inakata vyumba vipande visivyo sawa, na watoto hukiita kila kipande "nusu". Utasikia 11, utasikia 15, wengine 12 na nusu. Usiwaache wabishane juu ya vipande. Waonyeshe jinsi ya kuuzungushia mraba huo wa mshazari mraba mkubwa uliosimama wima. Upande wa mraba mkubwa ni 2 + 3, yaani 5, na eneo lake ni 25. Kwenye kona nne zimebaki pembetatu nne, kila moja ni nusu ya mstatili wa 2 kwa 3, yaani 3. Nne ni 12. Ishirini na tano toa kumi na mbili ni 13, na 13 ndiyo 4 + 9.

Wape mfululizo wa kujaza jedwali ubaoni: pande fupi 1 na 1, 1 na 2, 2 na 2, 1 na 3, 2 na 3. Miraba ya mshazari itatoka 2, 5, 8, 10 na 13. Acha walinganishe safu tatu wenyewe. Darasani huwa kuna angalau mmoja anayesema kwa sauti kwamba safu ya mwisho ni jumla ya mbili za mwanzo, na kauli hiyo ikitoka kwa mwenzao inakaa kuliko ikitoka kwako.

Pembetatu ya 3 na 4 iache iwe ya mwisho. Ukianza nayo, mraba wa mshazari unatoka 25, upande wake 5, na kila kitu kinaonekana kuwa namba nzima. Ukiitanguliza 2 na 3, mwanafunzi analazimika kuuliza upande wa mraba wenye vyumba 13 ni ngapi. Hauwezi kuwa 3, kwa sababu 3 mara 3 ni 9. Hauwezi kuwa 4, kwa sababu ni 16. Aweke rula juu ya haipotenusi aliyoichora kwa vyumba vya sentimita 1: atasoma sentimita 3.6 hivi. Kipeuo cha pili cha 13 kimepata mahali pa kukaa, na hapo hujagusa jedwali la vipeuo wala kikokotoo.

Kabla ya kengele, wachore pembetatu moja isiyo na pembe mraba. Iwe na kitako cha vyumba 3. Kutoka ncha ya kushoto ya kitako hicho wahesabu chumba 1 kushoto na 2 juu, hapo ndipo penye kona ya tatu. Miraba ya pande zake ni 9, 5 na 20. Tisa na tano ni 14, haifiki 20. Bila mfano huu, wanafunzi wengi huibeba kanuni hadi kwenye pembetatu ya aina yoyote, na hilo utaliona miezi mitatu baadaye kwenye mtihani.

Vipande vya boksi

Njia hii ni ndugu ya ile ya kwanza, ila inaondoa namba na kubakiza maumbo. Chukua boksi la sabuni au la biskuti, ukate mistatili ya sentimita 4 kwa 7, kisha kila mstatili ukate kona kwa kona upate pembetatu mbili. Kila kikundi kinahitaji pembetatu nne, yaani mistatili miwili. Upande wa boksi wenye sentimita 30 kwa 40 unatoa mistatili 40, inayotosha vikundi 20. Kwa darasa la wanafunzi 80 hiyo ni kikundi cha wanne, na gharama ni wembe na rula ya chuma. Kata mwenyewe nyumbani; wembe usiingie darasani.

Kila kikundi kichore kwenye daftari fremu ya mraba wa sentimita 11, ambayo ni 4 + 7. Ukurasa wa daftari la kawaida unaipokea. Mpango wa kwanza: pembetatu nne zikae kwenye kona nne za fremu, na katikati libaki tundu la mraba lililokaa mshazari. Mpango wa pili: pembetatu hizo hizo ziungane mbili mbili kuwa mistatili miwili, mmoja umelala kwenye kona moja na mwingine umesimama kwenye kona inayoikabili. Sasa zimebaki nafasi mbili za mraba, moja ya 4 kwa 4 na nyingine ya 7 kwa 7. Fremu ni ile ile, vipande ni vile vile, kwa hiyo nafasi iliyobaki lazima iwe sawa: 121 toa 56 ni 65, na 16 jumlisha 49 ni 65.

Tumechagua 4 na 7 kwa makusudi. Haipotenusi yake si namba nzima, ni kama sentimita 8.06, na hivyo hakuna anayeweza kusema kanuni inafanya kazi kwa namba teule tu.

Kinachoharibika hapa ni mambo mawili. Boksi nene lenye mawimbi ndani hubonyea ukingoni, vipande vikaacha mwanya wa milimita moja au mbili, na mwanafunzi makini anauliza kama kanuni ni ya kukadiria. Tumia boksi jembamba au manila, na mweleze kwamba mwanya umetokana na wembe. La pili ni zito zaidi: vikundi hufurahia kupanga vipande na kipindi kikaisha bila mtu kuandika chochote. Agiza mapema kwamba kila mpango uchorwe daftarini na eneo la kila sehemu liandikwe ndani yake.

Kwa kidato cha pili ongeza swali moja ambalo darasa la saba unaweza kuliruka: tundu la katikati tunajuaje kuwa ni mraba na si msambamba uliosogea kidogo? Kwa sababu kwenye kila kona yake pembe kali mbili za pembetatu zimekaa kwenye mstari mmoja na pembe ya tundu, nazo mbili zinatimiza nyuzi 90, hivyo inayobaki ni nyuzi 90.

Njia hii ina faida moja ambayo walimu wa Rungwe na Busokelo wataielewa haraka. Mvua ikipiga kwenye paa la bati lisilo na dari, mwalimu hasikiki hata akipaza sauti. Somo la kamba limekufa, la fomula nalo limekufa. Vipande vya boksi vinaendelea, mradi umechora mipango miwili ubaoni kabla.

Kamba

Kamba tunaipenda, na ndiyo maana tunataka ipewe mahali pake. Ukiwa na pande 3, 4 na 5 ukaipata pembe mraba, umeonyesha kinyume cha kanuni: urefu ukitimiza jumla, basi pembe ni nyuzi 90. Kanuni yenyewe inasema pembe ikiwa nyuzi 90, basi urefu unatimiza jumla. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alizitenga kuwa hoja mbili katika kitabu cha kwanza cha Elements, ya 47 (kanuni yenyewe) na ya 48 (kinyume chake), kila moja na uthibitisho wake. Fundi anayepanga msingi wa nyumba anatumia ile ya 48 kila wiki. Mtihani unauliza zaidi ile ya 47. Mwanafunzi aliyeanza na kamba huzichanganya, na akipewa pande fupi 4 na 5 anajibu 3 bila kufikiri, wakati jibu ni kipeuo cha pili cha 41, kama 6.4.

Vifaa: uzi wa fundi au kamba nyembamba ya mita 6.5, futi (utepe wa kupimia), na kalamu ya wino mzito. Usipige mafundo. Kila fundo linakula urefu, na nafasi ulizozipima vizuri hazibaki sawa. Nyoosha kamba chini, acha sentimita 25 mwanzoni, kisha weka alama kila baada ya sentimita 50 mpaka upate alama 13. Bandika karatasi ndogo zenye namba kuanzia 0 hadi 12. Mwanafunzi wa kwanza anashika 0 na 12 pamoja, wa pili anashika 3, wa tatu anashika 7. Wakikaza, pembe mraba iko kwa aliyeshika 3. Ihakikini kwa karatasi iliyokunjwa mara mbili, mkunjo juu ya mkunjo.

Namba hizo zina kazi yake. Bila namba, wanafunzi huhesabu alama badala ya nafasi: alama tatu, alama nne, alama tano. Wanapata pembetatu ya nafasi 2, 3 na 4, ambayo pembe yake kubwa ni nyuzi 104 na nusu. Inaonekana kwa macho kuwa imepanuka, lakini darasa lililozoea kuamini kamba litasema ni pembe mraba.

Ukubwa nao una maana. Kwa pande za mita 1.5, 2 na 2.5, upande mrefu ukivutika sentimita 5 tu, pembe inafika nyuzi 92.4. Kwa pande za mita 3, 4 na 5, kosa hilo hilo la sentimita 5 linaipeleka pembe nyuzi 91.2. Kwa hiyo kidato cha pili kitumie futi na vipimo vya mita 3, 4, 5 kama nafasi ipo. Kamba ya katani ikilowa hufupika, ya nailoni huvutika ukiikaza, na umande wa asubuhi Njombe na Makete mwezi Juni unatosha kuharibu kipimo. Ingojeeni saa tano jua likiwa limekausha nyasi.

Halafu kuna mteremko. Viwanja vya shule nyingi za kwetu vimechongwa mlimani. Kamba iliyokazwa kwenye mteremko inatoa pembe mraba kweli, ila pembe hiyo imelala kwenye mteremko pamoja na ardhi. Ukiitazama kutoka juu, kama ramani ya nyumba inavyotazamwa, inaweza kuwa si mraba. Upande mmoja ukifuata kontua, yaani mstari usiopanda wala kushuka, pembe inabaki salama. Pande zote mbili zikikata mteremko kwa mshazari, kwenye ardhi inayoshuka mita 1 kila mita 5, kosa linafika kama nyuzi 1.1, ambalo kwenye ukuta wa mita 10 ni karibu sentimita 20. Ndiyo maana fundi huweka vigingi na kusawazisha uzi kwa pima maji kabla ya kupima. Swali hilo ni zuri mno kwa wanafunzi wenye ndugu mafundi, na majibu yao mara nyingi ni sahihi kuliko tunavyotegemea.

Fomula ubaoni

Hakuna aibu kuandika fomula ubaoni. Wanafunzi watakutana na mtihani wenye muda, na lazima waweze kufanya hesabu hizi haraka. Kinachoua ni kuiandika kabla ya kuona miraba.

Andika kwa maneno kwanza: haipotenusi kipeo cha pili ni sawa na upande kipeo cha pili jumlisha upande mwingine kipeo cha pili. Herufi zije baadaye, na zibadilishwe kila swali, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea kwamba c ndiyo haipotenusi atakwama siku akipewa pembetatu PQR. Igeuzegeuze pembetatu ubaoni: pembe mraba iwe juu, iwe kushoto, isimame kwa ncha. Sheria ya kuishika ni moja: haipotenusi inatazamana na pembe mraba. Kitako na kimo hubadilika ukiigeuza pembetatu, haipotenusi haibadiliki.

Kidato cha pili wanafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wao bado wanakitafuta Kiingereza chenyewe. Mchoro wenye miraba mitatu ubakie kona ya ubao muda wote wa somo la fomula. Aliyepotea kwenye maneno ataurudia mchoro.

Kwa mifano, ngazi iliyoegemea ukuta imetumika mpaka imechoka. Huku kwetu mbao za Mafinga na Njombe ziko kila mahali, basi tumia kenchi. Nyumba ina upana wa mita 7.2, kenchi inapanda mita 1.5 katikati. Nusu ya upana ni 3.6. Kipeo cha pili cha 3.6 ni 12.96, cha 1.5 ni 2.25, jumla 15.21, na kipeuo chake ni 3.9. Mbao ya mteremko ni mita 3.9 mpaka ukutani. Ukitaka itoke nje sentimita 60 pembezoni, unahitaji mita 4.5. Mwanafunzi anayesahau kugawa upana kwa mbili anapata kama mita 7.35, na akiwaza mbao yenyewe atajua kuna kitu hakipo sawa.

Pembetatu zinazofanana

Hii ni ya kidato cha pili tu, baada ya mada ya mfanano kuiva. Kutoka kwenye pembe mraba shusha mstari ulio wima juu ya haipotenusi. Pembetatu mbili ndogo zinafanana na kubwa. Kwa 3, 4, 5 haipotenusi inagawanyika kuwa 1.8 na 3.2, 1.8 mara 5 ni 9, na 3.2 mara 5 ni 16. Ni uthibitisho mzuri kwa wanafunzi wachache wa mbele, na kwa darasa lililoyumba kwenye uwiano ni kuwaongezea mzigo. Ukiwa na shaka, iache.

Maswali ya kupima kabla ya kuhama mada

Manne yanatosha, na kila jibu baya linakuambia urudi kwenye njia ipi.

Pande fupi 6 na 8: jibu ni 10. Anayeandika 14 anaweza kuwa amejumlisha 6 na 8 moja kwa moja, au amezidisha kila moja kwa 2 badala ya kuipa kipeo, akapata 28, kisha akagawa kwa 2. Makosa mawili tofauti, jibu moja. Dai njia iandikwe. Wa kwanza arudi kwenye vyumba vya daftari. Wa pili anahitaji vipeo, si jometri.

Haipotenusi 17, upande mmoja 8: jibu ni 15. Anayepata karibu 18.8 amejumlisha pale pa kutoa. Muulize kama upande unaweza kuwa mrefu kuliko haipotenusi, na umpe rula.

Pande fupi 2 na 3: kipeuo cha pili cha 13. Anayeacha wazi au kuandika 4 "kwa sababu ni 2, 3, 4" amefungwa na namba nzima. Huyu kamba ilimfikia mapema mno. Mpe vipande vya boksi vya 4 na 7.

Pande 4, 5 na 6: je, ni pembetatu mraba? Kumi na sita na ishirini na tano ni 41, na 6 kipeo cha pili ni 36, kwa hiyo hapana. Wakishindwa hili peke yake huku matatu ya juu wameyapata, hapo sasa chukua kamba utoke nao nje.